Deni la Aliyeukata Mto

Ndugu msomaji, naomba tuanze na chura. Najua wapo watakaocheka, maana kwetu chura hana heshima yoyote. Ukimwita mtu kwa jina hilo umetafuta ugomvi. Lakini huyu ninayemsema si chura wa dimbwini. Ni chura wa Kihansi, mdogo kuliko kidole gumba, wa rangi ya manjano, asiyetaga mayai bali huzaa watoto walio hai. Duniani kote alipatikana mahali pamoja tu: chini ya maporomoko ya mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, katika kieneo cha hekta chache ambako maji yakianguka yalitoa manyunyu usiku na mchana. Wataalamu walimkuta mwaka 1996, wakati bwawa la umeme linajengwa. Yaani alijulikana zikiwa zimebaki siku chache za kwao kuwa kwao.

Mto ulikatwa. Kuanzia mwaka 2000 maji mengi, kiasi cha sehemu tisa kwa kumi, yakaingizwa handakini kwenda kuzungusha mitambo ya megawati 180, na yale maporomoko yakabaki uzi. Silaumu hapo. Umeme huo unaingia kwenye gridi ya taifa, na taa ninayoandikia hapa Same haijui kama imewashwa na maji ya Kihansi, ya Mtera au ya Nyumba ya Mungu hapa jirani. Wakubwa walikumbushwa habari ya chura, wakahangaika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura wapatao 500 walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, wakawekwa kwenye masanduku ya kioo. Na mwaka 2001 kule korongoni yakatandazwa mabomba yenye matundu madogo ya kunyunyizia, ili kazi ambayo mto ulikuwa ukiifanya bila kutumwa, bomba liifanye kwa kutumwa.

Na likaifanya! Hilo lazima tuliseme, kwa sababu tuna ugonjwa wa kucheka kila kitu cha kutengenezwa. Vyura waliongezeka. Juni 2003 walikadiriwa kuwa 20,000 hivi. Kisha, kabla mwaka haujageuka, wakaisha. Januari 2004 walioonekana walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba porini hayupo tena.

Nini kiliwaua? Kiangazi cha mwaka 2003 mfumo wa kunyunyizia uliharibika. Wakati huohuo ukaonekana ugonjwa wa kuvu, ule uliomaliza vyura wa nchi nyingi. Na wakati huohuo tena milango ya bwawa ilifunguliwa kwa muda mfupi kusafisha tope, na tope hilo lilikuwa na dawa za kuulia wadudu zilizoteremka kutoka mashamba ya mahindi huko juu. Mambo matatu kwa mpigo. Bomba likasema ni kuvu, kuvu likasema ni dawa, dawa ikasema ni bomba. Katika kesi ya namna hiyo hakimu angefunga jalada akaenda kunywa chai.

Mimi ndipo ninapoanzia. Swali langu ni hili: yule aliyeukata mto, siku bomba linapokufa anadaiwa nini? Simuulizii nia yake, maana nia yake naikubali kwamba ilikuwa njema. Nauliza deni.

Tazama jinsi hali ilivyobadilika. Kabla ya bwawa, mto Kihansi haukuwa umemwahidi chura kitu. Mvua ingekatika miaka mitatu, vyura wangekauka, na hakuna ambaye angelala na lawama usiku huo. Lingekuwa jambo la Mungu, au la dunia, kila mtu na anavyoamini. Lakini tangu mkono wa mtu ulipougeuza mto, kila siku ya ukavu mle korongoni ina mwenyewe. Hakuna tena ukame usio na jina. Umempokonya mwenye kazi kazi yake. Basi upokee na zamu zake za usiku, na sikukuu, na siku ambayo fundi ana msiba kwao.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa njia ya mifugo. Ukikabidhiwa ng'ombe wa mwenzio umtunze, akafa kwa ugonjwa, unamkaushia ngozi, unaipeleka, unaeleza, na mambo yanaisha kwa sahani ya makande. Kifo kina njia zake. Lakini kama wewe ndiye uliyekwenda ukavunja zizi lake la zamani ili upitishe barabara, ukasema usijali nitamlinda mwenyewe, halafu akaliwa na fisi usiku uliopitiwa na usingizi, ngozi haitoshi. Usingizi ni uleule, fisi ni yuleyule. Kilichotofautiana ni kwamba safari hii zizi uliling'oa wewe.

Sasa nije nyumbani, kwa jambo dogo zaidi, maana haya makubwa yana hatari ya kumfanya mtu ahutubie tu.

Baba yangu mdogo alipostaafu kazi Dar es Salaam alirudi Same na tangi la kioo la samaki, akaliweka sebuleni penye redio. Samaki tisa wa dhahabu. Ndugu walikuja kutazama kama wanatazama televisheni. Nyuma ya tangi palikuwa na chujio, kijisanduku chenye kipampu na sponji, kikivuta maji machafu na kurudisha masafi, kikiimba wimbo mmoja mchana kutwa. Mwaka fulani umeme ulikatika siku mbili, ukarudi kwa kishindo, na kile kipampu kikaungua. Cha kubadilisha hapa mjini hakuna. Moshi hakuna. Mtu wa basi akaahidi kuleta kutoka Dar, na ahadi za mtu wa basi unazijua.

Hapo nikajifunza kitu ambacho sikukifikiria kabla. Nilidhani chujio kazi yake ni kuondoa uchafu unaoonekana. Kumbe ule uchafu unaoonekana si kitu. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu, ingawa maji yanabaki kama kioo. Ndani ya sponji wanaishi bakteria. Kundi moja linaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na kundi jingine linaigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki wanaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hao wanahitaji maji yanayotembea yenye hewa. Pampu ikisimama, nao wanakufa. Kwa hiyo kilichokuwa kinalinda tangi la baba mdogo si kile kijisanduku hasa. Ni ule utelezi mle ndani ambao shangazi angeuona angeusugua kwa sabuni.

Na kuna kichekesho kingine. Maji ya bomba, yale yanayoitwa maji safi na salama, yanatiwa klorini ili yasituue sisi. Ukiyamimina moja kwa moja, klorini hiyo inawaunguza samaki mashavu na kuua wale bakteria. Maji safi kwa nani? Nimelirudia swali hilo mara nyingi. Tumezoea kusema usafi kana kwamba ni kitu kimoja kilicho juu mbinguni, kumbe usafi daima ni wa fulani. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaofuga miamba ya matumbawe sebuleni, na baadhi ya samaki wao huvuliwa kwenye pwani ya Kenya wakasafirishwa kwa ndege ndani ya mifuko ya plastiki. Watu hao huyasukuma maji ya bomba kwenye utando wenye vitundu vidogo mno hata chumvi haipiti, mpaka yabaki maji matupu yasiyo na kitu. Halafu ndipo wanarudishia chumvi kwa kipimo. Wanaosha maji mpaka yanasahau yalikotoka, kisha wanayafundisha kuwa bahari. Mtambo ule ukiharibika, hawana wiki nyingi. Maji ya tangi yanapaa kama mvuke, chumvi inabaki na kuzidi, na matumbawe yaliyohitaji miaka kukua yanaanza kujikunja. Bahari ya Hindi haikuwahi kumpa tumbawe wasiwasi wa namna hiyo.

Basi tulifanyaje? Kwanza, na hili liliwaudhi watoto kuliko yote, baba mdogo alikataza kuwalisha. Samaki wa dhahabu mzima anaweza kukaa siku kadhaa bila chakula, na kisicholiwa wala kutolewa hakizai amonia. Watoto wakaona ni ukatili. "Babu, wanatutazama!" Lakini ndiyo ilivyokuwa: mapenzi ya siku hizo yalikuwa ni kutowapa. Pili, kila jioni tulilaza maji kwenye beseni pana mpaka asubuhi, klorini ipae, halafu tunatoa robo ya maji ya tangi na kurudishia yale yaliyolala. Tatu, hewa. Tulikuwa tunachota kwa kata, tunainua juu, tunamimina kwa urefu ili maji yachukue hewa yanapoanguka. Kila saa mchana, na usiku mara tatu. Baba mdogo aliamka mwenyewe saa nane za usiku. Nilikuwa nasikia maji yakimwagika sebuleni, cho-cho-cho, na mzee wa watu akikohoa. Siku kumi na moja. Walikufa wawili.

Jirani yetu, mama mmoja ambaye ninamheshimu sana, alikuja siku ya nne akatukuta na mabeseni. Akasimama mlangoni, hakukaa. Akasema, "Shemeji, mimi naamka saa kumi alfajiri na madumu kwenda kupanga foleni, na wewe unalaza maji ya samaki?"

Msomaji, jibu hilo si rahisi, na anayejifanya ni rahisi hajawahi kuishi Same. Mji huu umekaa kwenye kivuli cha mvua. Unayaona mawingu yamelala juu ya Shengena, unajua huko Chome kuna ukungu na baridi na migomba, na wewe huku chini unapiga chafya vumbi. Mradi mkubwa wa kuleta maji ya Nyumba ya Mungu kwa miji ya Same na Mwanga hadi Korogwe ulianza kutekelezwa mwaka 2014, na awamu yake ya kwanza ikazinduliwa Machi 2025. Kati ya miaka hiyo miwili kuna watoto walioanza darasa la kwanza wakamaliza kidato cha nne na dumu kichwani. Ukimweleza mtu wa namna hiyo kwamba huko Kihansi chura alitandikiwa mabomba ya manyunyu haraka hivyo, atakuuliza yeye afanye nini ili naye aitwe chura.

Nimemsikia mwenzangu mmoja akimjibu mtu wa aina ya mama huyu kwa kusema kila kiumbe kina thamani sawa. Hayo ni maneno ya mkutanoni. Mama yule hakuwa anauliza thamani. Kwa jinsi nilivyomwelewa, alikuwa anasema: ninyi mnajua kuwajibika, nimewaona, mnaamka usiku, basi kwa nini uwajibikaji huo haujawahi kunifikia mimi? Naye ana haki kabisa. Ila hoja yake haimfungui baba mdogo. Samaki wale hawakujipanga foleni ya maji ya mama. Walifungiwa na mtu anayejulikana, mwenye jina, na mtu huyo hawezi kulipa deni lake kwa kuonyesha deni ambalo mwingine hajalipa. Bali nakubali jambo moja: maji yanayolazwa kwenye beseni yalitoka kwenye bomba lilelile, na siku ambayo bomba lingekauka kabisa, samaki wangetangulia. Baba mdogo alisema hivyo mwenyewe, mbele ya mama, bila kuzunguka. Deni lina mpaka. Mpaka wake haufiki kwenye koo la mtoto wa jirani.

Lakini ndiyo hapo sasa: kama unajua mapema kwamba siku ya shida huyu ndiye atakayetangulia, ulimfungia kwa nini? Sina jibu linaloniridhisha. Nadhani wengi wetu tunafungia kwanza, halafu tunauliza.

Siku ya sita palitokea pendekezo la kuwamwaga. Kijana mmoja alisema, twende nao ziwa Jipe, au tuwatie kwenye ndiva huko mlimani, wawe huru. Linasikika kama huruma. Lakini katika ziwa Jipe kuna perege wa kwao, aliyebeba jina la ziwa hilohilo katika vitabu vya wataalamu, na yuko hatarini, na moja ya mambo yanayomtishia ni samaki wageni walioletwa na watu katika maji haya. Kumwaga ni kuhamisha deni kwenda kwa mtu asiyeweza kulikataa. Ukichoka kuwa mto, huwezi kumtupia mto mwingine mzigo wako ukauita uhuru.

Nimetaja ndiva. Kwa wasomaji wa mbali: ndiva ni bwawa dogo la Wapare, la mawe na udongo, lililojengwa juu ya mashamba. Usiku linakusanya maji ya chemchemi au kijito, mchana linafunguliwa yateremke kwenye mifereji kwa zamu. Nayo ni kuukata mto, tusijidanganye. Wazee wetu walikuwa wanakata mito kabla ya megawati. Tofauti ninayoiona iko kwenye matengenezo. Ndiva inajaa tope kila mwaka, na kila mtu anajua itajaa, kwa hiyo kuna msaragambo: siku ya kazi ya wote, baragumu inalia, unakwenda na jembe lako, usipokwenda unatozwa faini. Kuharibika hakukuchukuliwa kama ajali. Kuliwekwa kwenye kalenda, pamoja na majina ya watakaokuja kuzoa.

Nasema hivyo na bado sitaki kuipamba. Waulize watu wa Bangalala, walio chini, juu ya maji yanayobaki baada ya wenzao wa Vudee kuchukua yao. Na msaragambo wenyewe siku hizi unapigiwa wazee. Vijana tuko Dar, tuko Arusha, wengine tuko hapahapa tunaandika makala. Hata hivyo ninapolinganisha, naona kwamba bomba la Kihansi lilijengwa kama kitu cha kufanya kazi, na ndiva ilijengwa kama kitu cha kuharibika. Mwenye kujenga namna ya pili ndiye ninayemwamini na uhai wa kiumbe.

Kuna hali mbaya kuliko chujio lililovunjika, nayo ni chujio lililosimama pale pale, zima kwa macho, ambalo halichuji. Huko Arumeru, ambako maji yana floraidi nyingi inayotia meno rangi ya kahawia na, ikizidi kwa miaka mingi, kupinda mifupa, kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa, inasagwa, maji yanapitishwa, floraidi inanaswa. Ni ufundi mzuri na wa bei ya mwananchi. Lakini mkaa ule unafika siku ukajaa. Siku hiyo maji hayabadiliki rangi, hayanuki, hayana ladha mpya. Mama anaendelea kukinga ndoo, mtoto anaendelea kunywa, na kila mtu ana amani. Asipokuja mtu na kipimo, chujio lile litadanganya mpaka meno ya mtoto yaseme. Kipampu cha baba mdogo angalau kilinyamaza, tukajua. Bomba la Kihansi lilipokufa, waliokuwa korongoni waliona majani yanakauka. Mimi naogopa zaidi vile vinavyokufa vikiwa vimesimama, na nadhani aliyekabidhi kitu cha namna hiyo kwa mtu asiye na kipimo bado hajakabidhi; yeye ndiye mlinzi, apende asipende, hata kama sherehe ya makabidhiano ilifanyika na pilau ikaliwa.

Turudi kwa chura tumalizie habari yake. Wale wa Marekani nao nusura waishe; kwa miaka ya mwanzo walikufa mno mpaka wakabaki makumi tu, watu wakijifunza kidogo kidogo taa ipi, wadudu gani, maji ya namna gani. Wakapona, wakaongezeka. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kwa ndege Dar es Salaam, kwenye chumba maalumu Chuo Kikuu, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena korongoni, chini ya manyunyu ya mabomba. Magazeti yaliandika kwamba wamerudi nyumbani. Na kweli mawe ni yaleyale. Ila mto bado umekatwa, na hakuna anayefikiria kuzima megawati 180. Kwa hiyo lile bomba si la mwaka huu wala la mradi fulani wa miaka mitano. Litahitaji kuzibuliwa matundu mwaka 2040, na mwaka 2070, na wakati huo waliotia saini wote watakuwa makaburini. Ningependa kuona ile orodha ya zamu: imeandikwa wapi, nani anairithi, na faini ya asiyekwenda ni kiasi gani.